Karatasi Iliyomtoa Mama Yangu Nyumbani Kwao

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde arobaini na moja tu.

Mama yangu amekaa uani, juu ya kile kisanduku cha mbao cha cherehani yake, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Godoro lake limeegemezwa ukutani. Ndoo, mapazia, furushi la vitambaa vya wateja… vyote nje, juani.

Mlangoni amesimama mjomba wangu. Mdogo wake mama, tumbo moja… au ndivyo tulivyojua sote. Ana karatasi mkononi, anaipunga taratibu.

"Dada, usinione mbaya," anasema, kwa sauti ile ile ya upole anayofundishia watu kurudi nyuma na gari. "Mimi sikufukuzi. Karatasi ndiyo imesema."

Video ikaishia hapo.

Ndugu zangu mnaosoma, niliirudia mara sita. Mara ya saba nikaisimamisha, nikaivuta kwa vidole viwili mpaka ile karatasi ikajaa kwenye kioo cha simu.

Niliijua. Nilijua ule mkunjo wa katikati, nilijua lile doa la wino kwenye kona. Alikuwa amechapisha picha iliyotoka kwenye simu yangu.

Mimi ndiye niliyemtumia.

Ngoja nianze mwanzo, ili mkinihukumu mnihukumu kwa haki.

Mimi ni mtoto wa pekee. Baba alifariki nikiwa sijaanza shule, mama akarudi kwa wazazi wake, na huko ndiko nilikokulia. Huu ni mwaka wa saba niko mbali. Nafanya kazi kwenye dobi la hospitali kubwa. Mashuka yanaingia machafu upande mmoja, yanatoka yamekunjwa upande wa pili, na mimi niko hapo katikati. Mashine zinanguruma kutwa nzima.

Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Meseji za kuandika hazipendi, anasema vidole vyake vimezoea sindano, si herufi. Kwa hiyo kila Jumapili ananitumia sauti. Dakika kumi, dakika kumi na tano, siku akiwa na maneno hata ishirini.

Nani kaoa. Nani kalazwa. Nani kamnunia nani msibani. Mke wa nani kahama na kabati akaacha kitanda, na kwa nini hasa kaacha kitanda.

Nami nilikuwa namsikiliza Jumatatu, kazini, sikio moja, mashine zikipiga kelele.

Tena nilimsikiliza kwa kasi ya mara mbili.

Ndiyo. Mama yangu mzazi. Nilikuwa nambonyeza aongee haraka haraka kama katuni, ili amalize nirudi kwenye muziki wangu.

Sasa, miaka miwili iliyopita nikapata wazo la kumleta huku anitembelee. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Cheti hana. Alijua alizaliwa nyumbani, basi. Ofisini wakamwambia alete karatasi yoyote ya zamani yenye jina lake na la wazazi wake.

Hapo ndipo mama alipoanza kutafuta.

Alianza kwa kunung'unika, akaishia kunogewa. Kila wiki anakwenda masjala, kwenye chumba kimoja kinachonuka karatasi zilizolowa, na karani wa pale, mzee mmoja anayevaa sweta hata kukiwa na joto la kuchemsha yai, akamzoea kama dada yake. Mama akanunua daftari kubwa akachora ukoo wote. Juu kabisa akamweka babu yangu, fundi saa. Pembeni yake bibi. Chini yao watoto wawili, yeye na mjomba. Halafu mimi.

Habari za Jumapili zikabadilika. Katikati ya nani kaoa na nani kalazwa, unasikia, "Mwanangu, leo tumempata babu yake babu yako! Kumbe alikuwa anachunga punda wa serikali!" Anacheka mwenyewe mpaka anakohoa.

Watu wote waliwapata. Yeye mwenyewe tu ndiye hakuonekana. Hakuna zahanati, hakuna ofisi iliyokuwa na jina lake.

Mpaka siku ilipoingia sauti ya dakika kumi na tisa.

Ilianza kama kawaida. Binti wa mjomba amepata mchumba. Ukuta wa jirani umeanguka, ukawakosa kuku kidogo tu. Kisha nikasikia anafunga mlango.

Akasema wamepata faili. Lilitoka kwenye kituo cha watoto kilichofungwa zamani. Ndani mna karatasi, na imeandikwa hivi: mtoto wa kike, umri kama miezi minne, ameletwa na dereva wa lori aliyemkuta kwenye benchi la kituo cha mabasi. Amechukuliwa na fundi saa na mkewe, wasiojaliwa mtoto.

Mimi nilikuwa nakunja foronya. Mikono ikasimama.

"Yaani mwanangu," alisema, "miaka sitini na miwili nimekuwa mtoto wa nyumba ile, sijawahi kuhisi hata siku moja kwamba niliokotwa. Hata siku moja."

Akalia kidogo. Akacheka kidogo. Akaendelea kuongea, na hapo hapo msimamizi wangu akaja kuniita, mashine namba tatu imetapika maji. Nikakimbia na mama akiwa bado anaongea sikioni. Maneno ya mwisho yalipita kama upepo.

Nyuma yake ikafuata picha ya ile karatasi.

Nikafikiria jioni yote. Nilimwonea huruma, sitaki kuwadanganya, lakini kilichonijaa zaidi kichwani ni kwamba sasa mambo yamekwisha. Karatasi ipo. Kinachotakiwa ni ndugu mmoja tu wa kwenda kuapa kwamba mtoto huyu alilelewa kwao, cheti kitoke, pasipoti itoke, mama apande ndege.

Na ndugu huyo ni nani kama si mjomba?

Mjomba huyu ndiye aliyenishika mkono siku yangu ya kwanza shuleni. Ana shule ya udereva, mtaa mzima unamwita Mwalimu wa Gia, na mimi alinifundisha bure. Ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege, akanibebea begi mpaka mwisho wanaporuhusu.

Nikamtumia picha. Nikaandika, "Mjomba, tumepata. Mama anahitaji mtu wa kumwapia. Msaidie."

Alikaa nayo kama saa nzima. Halafu akajibu.

"Nimeona mpwa wangu. Niachie mimi."

Mama sikumwambia. Nilitaka iwe sapraizi.

Kuna kitu nilipaswa kukijua, na mama alikuwa amenieleza si mara moja wala mbili, ila mimi nilikipitisha kwa kasi yangu ile. Babu alikufa bila wosia. Aliacha nyumba ya vyumba vitano yenye duka dogo la saa kwa mbele. Mama ndiye aliyekaa humo, akamuuguza babu, akamuuguza bibi, akawazika. Mjomba ana kwake. Lakini tangu mwaka juzi alikuwa anautaka uwanja wa nyumba hiyo, aibomoe, afanye sehemu ya kufundishia magari. Mama alikuwa anakataa. Alikuwa anamwambia, sisi ni wawili, na mmoja hataki.

Mjomba alihitaji wabaki mmoja tu.

Wiki tatu baadaye aliitisha kikao. Waliokalia viti vya mbele ni watoto wa mdogo wake babu, wanaume watatu, ambao kwetu tuliwaita Wale Watatu kwa sababu hawajawahi kuonekana wawili. Mjomba akaisoma ile karatasi, neno kwa neno, mpaka kwenye benchi la kituo cha mabasi. Kuna mtu alicheka liliposomwa neno lori.

Mama akaomba kuongea. Mkubwa wa Wale Watatu akamwambia asubiri kwanza ndugu wamalize.

Ndugu wamalize! Mbele ya mdogo wake.

Jumamosi iliyofuata vitu vyake vilikuwa nje, na jirani mwenye ukuta ulioanguka akanirekodia ile video.

Nilimpigia mama. Alikuwa ameshapata chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya stoo ya vioo. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Nani alimpa ile karatasi?"

Ningeweza kusema karani. Ningeweza kusema sijui.

"Mama… ni mimi."

Nilisikia mtu anakata kioo kwa mbali, ile sauti ya kukwaruza.

"Kwa hiyo hukunisikiliza," akasema. Akakata simu.

Nikairudia ile sauti ya dakika kumi na tisa. Safari hii nilikaa kwenye ngazi za nyuma za dobi, bila mashine, kwa mwendo wa mama mwenyewe. Dakika ya kumi na saba, taratibu kabisa, anasema:

"Lakini usimwambie mjomba wako. Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili yake."

Nililia pale kwenye ngazi mpaka wenzangu wakanifuata. Ila lile neno la mwisho sikulielewa. Kwa ajili yake vipi?

Nilikata shauri kupambana. Nilipata namba ya karani, nikamweleza mimi ni binti wa fundi cherehani, nataka nakala yenye muhuri ya ile karatasi kwenye faili la fundi saa, nitafute wakili. Mzee wa watu akanipa pole. Nikasikia anafungua kabati, anapekua.

Halafu akaniuliza.

"Nakala ya nani, binti? Ya msichana au ya mvulana?"

Nikamwambia sijaelewa.

"Faili hili lina watoto wawili. Wa pili wa kiume, umri wiki sita, ameachwa mlangoni mwa kituo. Naye alichukuliwa na fundi saa huyu huyu, miaka tisa baadaye."

Jamani…

Mjomba.

Mjomba aliyeshika karatasi pale mlangoni, mjomba mwenye damu, naye alitoka pale pale.

Nikaomba nakala zote mbili. Zilipofika kwenye simu nikampigia mama, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unacheka.

Mama hakushtuka.

Alijua. Alijua tangu akiwa na miaka tisa. Alikwenda na bibi kumchukua, na yeye ndiye aliyempakata njia nzima, amevingirishwa kwenye sweta la babu. Walipofika nyumbani bibi akamwapisha asimwambie mtu, na siku bibi anakata roho akamwapisha tena. Miaka yote mama aliamini yeye ndiye wa kuzaliwa na mdogo wake ndiye wa kuletwa. Na miaka yote hiyo, waligombana, walinuniana, mjomba alimtukana mara ngapi… neno hilo halikumtoka. Ndiyo maana hakutaka mjomba alisogelee lile faili.

Nilimwambia sasa litoke. Nilimwambia tunayo.

"Mimi nimepoteza nyumba," mama akasema. "Yeye ukimwambia atapoteza baba. Yule alimpenda babu yako kupita kiasi, wewe hukuwaona yeye alipokuwa mtoto. Niahidi."

Nikamwahidi.

Ndugu zangu, niliahidi kwa dhati kabisa. Nilikaa na ile ahadi siku ishirini na mbili.

Kwanza mjomba alimtoa mama kwenye grupu la familia. Akaandika, "Grupu hili ni la wanafamilia tu. Asanteni kwa kuelewa." Watu wakaweka vidole gumba. Nikavumilia.

Kisha akaweka picha ya kaburi la bibi. Lile jiwe tulilijua sote, liliandikwa "Mama wa wawili". Alikuwa ameita fundi akakwangua neno la mwisho na kuchonga jingine. Sasa linasomeka "Mama wa mmoja". Vumbi jeupe la mchongo bado liko juu ya maua.

Chini ya picha akaandika, "Tumerekebisha."

Ilikuwa mchana, saa ya chakula. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu. Nikaifungua ile nakala ya pili, ya mvulana, yenye muhuri. Nikaituma kwenye grupu. Watu arobaini na watatu.

Nikaandika, "Rekebisheni tena."

Nikala chakula chote. Nakumbuka kilikuwa kitamu.

Nikaanza kuhesabu waliosoma. Mjomba alisoma. Mke wake akatoka. Binti yake, yule mwenye mchumba, akauliza, "Hii ni kweli baba?" Hakujibiwa.

Kisha akaandika mkubwa wa Wale Watatu. Sentensi moja.

"Kwa hiyo nyumba ya baba mkubwa haina mtoto."

Maana yake, wote wawili wakiwa wa kuletwa, nyumba inarudi kwa Wale Watatu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Wallahi sikulifikiria hata kidogo.

Kikao kingine kikaitishwa, viti vile vile. Mjomba aliomba kuongea. Nasikia naye aliambiwa asubiri ndugu wamalize. Wiki hiyo hiyo Wale Watatu walibadilisha kufuli, na kabla mwezi haujaisha nyumba ya fundi saa ilikuwa imeuzwa kwa mtu wa kuuza matofali. Magari mawili ya shule ya udereva yalikuwa yameshahamishiwa uwanjani. Yalivutwa nje kwa kamba.

Mama akanipigia. Mara moja.

Hakunifokea. Alinisimulia kama anavyosimulia habari za Jumapili, bila haraka. Alisema alimkuta mdogo wake barabarani, ndani ya gari la kufundishia, amekaa kiti cha mwanafunzi, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Amekaa hivyo tangu asubuhi, watu wanapita wanamwangalia. Mama akafungua mlango wa pili, akakaa kiti cha mwalimu.

Mjomba akamuuliza, "Ulijua?"

Mama akamwambia ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu nikupakate."

Mama akamchukua, akamleta kwenye kile chumba kimoja nyuma ya stoo ya vioo. Anamlaza kitandani, yeye analala chini karibu na cherehani. Mjomba haongei. Akisikia mtu anapita anageukia ukutani.

Nikamwambia, mama, huyo ndiye aliyekutoa nje juani. Huyo ndiye aliyekukwangua kwenye kaburi la mama yako.

"Najua alichofanya," akasema. "Yeye alifanya bila kujua. Wewe nilikwambia."

Nikaomba msamaha, nikaurudia, nikaurudia tena, akaniacha mpaka nikamaliza.

"Nimekusikia," akasema. "Mimi nikiambiwa kitu huwa nasikia."

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Jumapili zimepita kumi na saba. Hakuna sauti. Nikipiga, simu inaita mpaka inachoka. Nani kaoa, nani kalazwa, sijui. Nilijua binti wa mjomba ameolewa kwa kuona picha ya mtu baki.

Sasa sikilizeni la leo asubuhi, ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Karani wa masjala amenitumia ujumbe. Mzee wa watu hajui lolote la kwetu, anadhani mimi na mama bado ni kitu kimoja. Kwa furaha kabisa ananiambia mama amerudi masjala, safari hii na mdogo wake. Wanakuja kila Jumanne. Wanamtafuta mwanamke aliyemwacha mvulana mlangoni, na yule aliyemwacha msichana kwenye benchi. Wameshapata jina moja. Mjomba ameanza kuongea, karani anasema, na wiki iliyopita alicheka.

Kisha akaniuliza kitu kidogo cha kiofisi.

Kuna fomu ambayo mama ameijaza kwa mkono wake. Ndugu wa karibu: kaka. Kwenye mstari wa chini yake, pale penye watoto, ameandika neno moja.

Sina.

"Nadhani mama yako alipitiwa, uzee huu," karani ananiandikia. "Nisahihishe niweke jina lako?"

Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi. Mashuka yananipita.

Wewe unayesoma, mimi sina cheo cha kumfundisha mtu. Ila kama kuna mtu anakutumia sauti ndefu unazoziona za kuchosha, msikilize kwa mwendo wake, mpaka mwisho. Na ukikabidhiwa jambo la kweli, usidhani kwa kuwa ni la kweli basi limekuwa lako. Mimi nilichotuma mara zote mbili kilikuwa kweli tupu, kina muhuri. Mara ya kwanza nilituma kwa mapenzi, mara ya pili kwa kisasi, na mara zote mbili aliyelala chini ni mama yangu.

Karani nimeshamjibu.

Nimemwambia hakupitiwa. Asiguse kitu, aache kama mwenyewe alivyoandika.